Sumaku Mbili

Duka la vifaa lilifurika watu. Mkono wa mwalimu wa chekechea, aliyependeza kwa gauni lake la njano, ulitua kwenye pakiti ya sumaku iliyokwisha kushikwa na fundi redio.

"Za nini, dada?"

"Za wanafunzi wangu. Wanataka kujua kwa nini msumari unavutwa na kizibo cha plastiki kinagoma."

Fundi akacheka. "Basi mimi ni msumari. Nipe namba ya simu."

Mapenzi yakashika moto. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje na wewe hupo?" Siku moja fundi akamletea zawadi: sumaku ndogo ndogo, zinang'aa kama shanga. Mwalimu akazipanga kwenye trei. Shule yao ilikuwa ya Montessori. Kila mtoto huchagua kazi yake, akaifanya kwa mikono yake mwenyewe juu ya mkeka.

Trei iliporudi rafuni, sumaku mbili hazikuwepo. Mwalimu akainua mikeka, akapapasa mifuko ya watoto. Hapo akamwona Chiriku, msemaji wa darasa zima, kanyamaza kashika tumbo.

"Umemeza nini, mama?"

"Pipi za kung'aa."

Mwalimu akambeba mbio hadi barabarani. Ndani ya teksi, mtoto mapajani, akampigia fundi. "Chiriku amemeza sumaku zako! Mbili! Tunakimbilia hospitali ya wilaya!"

Simu ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Kumbe huyu ni wa raha tu!

Hospitalini, daktari hakumficha. "Zikinasana huku zimebana utumbo, zitautoboa." Chiriku akaingizwa ndani, mlango ukafungwa. Mama Chiriku akafika mbio, kiatu mguu mmoja.

"Nilikukabidhi mwanangu!"

Kabla mwalimu hajafumbua mdomo, fundi akaingia akihema, ovaroli imelowa jasho. "Simu imeniishia chaji. Mama, sumaku nilizileta mimi. Nilaumu mimi."

"Hapana," mwalimu akasema. "Trei niliipanga mimi. Nilipaswa kujua."

Wote watatu wakaketi benchi moja, kila mtu na sala yake.

Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa anatabasamu. Sumaku zimetolewa kwa mrija uliopitishwa kinywani, kabla hazijafika utumboni. Chiriku anauliza kwa nini zilishikana. Mama akaangua kilio, akamvuta mwalimu kifuani.

Nje, fundi alisimama mbali kidogo. "Bado unanitaka?"

"Nimekutukana moyoni njia nzima."

"Na sasa?"

"Bado naogopa. Ila naogopa zaidi kurudi nyumbani peke yangu."

Fundi akamshika mikono. Wakatembea hivyo hadi kituo cha daladala.