Nguo za Agosti

Mwezi wa Julai, nguo katika mtaa wa Kaloleni hazikauki. Zinaanikwa asubuhi, zinaanuliwa jioni zikiwa na unyevu uleule, na watu huzivaa hivyohivyo wakitetemeka. Ndiyo maana Nzisa alishtuka. Nje kulikuwa na manyunyu, basi alikuwa ametundika sweta lake mbichi, likichuruzika maji, kwenye msumari wa chumba alicholala na dada yake Kavinya. Akaenda jikoni kuepua chai. Aliporudi, sweta lilikuwa kavu, kavu ya kukwaruza, na lina moto kama lililotoka kupigwa pasi sasa hivi.

Kavinya alikuwa amelala chini ya msumari huo, macho wazi, akitazama dari.

"Liweke kwenye sanduku," akasema. "Utalihitaji."

Sanduku lilikuwa la safari ya Nzisa. Baba yao, Matheka, alikuwa karani wa reli mpaka walipopunguza watu, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kukaa mlangoni na redio isiyowashwa. Mambo ya nyumba yakabaki mikononi mwa mama, Kalekye. Ni yeye aliyemtuma Kavinya Uarabuni, kufanya kazi za ndani katika mji mmoja wa jangwani. Kavinya alikuwa amerudi mwezi wa Juni, mwaka huo wa tisini na saba, na mfuko mmoja wa nailoni, na hakueleza chochote. Wakala aliyempeleka alipokuja kusema kwamba nafasi ya nyumba ileile bado iko wazi, Kalekye hakufikiri mara mbili. Akatoa jina la Nzisa.

"Sweta la nini na huko ni jangwa?" Nzisa akauliza.

"Kila mtu hudhani hivyo." Sauti ya Kavinya ilikuwa ya chini, imekauka. "Desemba mpaka Februari, asubuhi vidole havikunjiki. Beba soksi nzito. Machi kunaanza upepo wa vumbi, beba leso ya kufunga pua, na mafuta ya mgando, midomo itapasuka. Kuanzia Mei vaa pamba nyepesi, pana, ya mikono mirefu. Usivae mikono mifupi ukidhani utapata hewa, jua litakubabua. Julai ulowanishe leso ujifunike ukilala."

Nzisa alikuwa akikunja huku akicheka kidogo, maana ni mara ya kwanza dada yake kuzungumza sana tangu arudi. "Na Agosti?"

Kavinya akageuza uso ukutani.

"Agosti hakuna nguo."

Kuanzia siku hiyo Nzisa alianza kuona mambo aliyokuwa akiyapita tu. Kavinya hakuwa akila. Chakula chake kilikuwa kikirudi jikoni kama kilivyokwenda, lakini maji alikunywa mtungi kwa mtungi, na hakutoa hata tone la jasho. Na kila ilipofika saa sita mchana, wakati mtaa umetulia na watoto wako shule, chumba kile kilianza kunuka kama jiwe lililochomwa na jua, na juu ya dari kukasikika kitu laini kikimwagika, kikimwagika bila kukoma, kama mtu anayepepeta mchanga kwenye ungo, na mlango ukiguswa kitasa chake kilikuwa cha moto kiasi kwamba Nzisa alijifunza kukishika kwa pindo la gauni, huku dirishani, upande wa pili wa kioo, mvua ya Julai ikiendelea kunyesha kana kwamba haijui lolote.

Kalekye aliwaita akina mama wa kanisa. Walikuja wakiongozwa na Mama Lydiah, rafiki yake wa miaka mingi, wakaimba, wakaweka mikono juu ya Kavinya. Hawakumaliza wimbo wa pili. Walitoka wamepasuka midomo, wakiomba maji, na Mama Lydiah akamnong'oneza Kalekye kwenye baraza, "Dada, huo si ugonjwa. Tafuta watu wanaoyajua hayo."

Ndivyo Mzee Kahin alivyoletwa kutoka Eastleigh, kwa siri, mapazia yakiwa yamefungwa. Alikuwa Msomali mwembamba, muuza ubani, na ujana wake aliumalizia Uarabuni. Alipofika mlangoni mwa chumba alivuta hewa puani, akasimama.

"Hii harufu ninaijua," akasema. "Ni ya mapaa ya kule."

Aliketi kwenye kigoda karibu na kitanda, akatoa salamu kwa Kiarabu. Kavinya akajibu kwa Kiarabu, na Nzisa, aliyesimama nyuma ya baba yake, akaona kwamba midomo ya dada yake haikusogea hata kidogo. Kisha sauti ile ikaingia Kiswahili, sauti ya adabu, ya mtu mzima aliyechoka.

"Sikuja kuvunja nyumba yenu."

"Wewe ni nani?" Kahin akauliza.

"Mkazi wa paa. Huyu msichana walimlaza juu, kwenye bati na saruji, kwa sababu hawakutaka alale ndani. Alikuwa akilia kwa lugha ambayo sikuijua, nikawa nakaa karibu nimsikilize. Mwezi wa Agosti wakasafiri. Wakafunga mlango wa ngazi, wakasahau kwamba yuko juu. Au hawakusahau, mimi sijui mioyo ya watu. Aligonga ule mlango mpaka mikono ikachubuka, kisha akavua nguo zote azitandike chini, maana saruji ilikuwa ikimchoma, na mwishowe akaniona, kama watu wanavyotuona wanapokaribia kufa, akaniomba kitu kimoja. Arudi kwao. Waliporudi safari walimkuta amesimama. Ni mimi niliyekuwa nimesimama."



"Mwongo," Kalekye akasema. "Mwanangu huyu hapa. Nimemwosha kwa mikono yangu."

"Ulimwosha, ukaona alivyo, ukanyamaza," sauti ikajibu. "Nimefanya kazi yake mpaka mkataba ukaisha, ndipo wakampa pasipoti. Nimemleta. Baridi yenu inanimaliza, lakini nimebaki kwa sababu ya huyu mdogo. Dada yake hataki aende."

Juu ya dari ule mchanga ukazidi kumwagika.

"Mwaitu," Nzisa akamwita mama yake kwa lugha ya nyumbani. "Nakuomba. Mwache kwanza aseme."

"Mzee, sikukuita upige naye soga," Kalekye alimwambia Kahin. "Mtoe. Nirudishie mtoto wangu."

Kahin akamtazama Matheka, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba. Matheka akatazama sakafu.

"Mama, majini husema uongo, hilo nakubali," Kahin akasema taratibu. "Lakini nikimtoa na ikawa huyu alisema kweli, mimi sina cha kukurudishia."

"Mtoe!"

Akawasha ubani. Akasoma kwa sauti ya chini, kisha ya juu zaidi, na joto likapanda mpaka rangi ya ukutani ikaanza kuvimba na kubanduka, na Nzisa akahisi macho yake yanakauka ndani ya kope, na Kavinya akainuka akaketi bila kusukumwa na mkono, akamgeukia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo midomo yake ikasogea, polepole, kama inayojifunza upya, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya zamani, ya kumwamsha Nzisa kwenda shule, "Toa nguo zako humo sandukuni," na kabla Nzisa hajajibu, kitu kikapita katikati yao kuelekea mlangoni kama pumzi ya tanuri, mapazia yakaruka, na mchanga ukanyamaza.

Baridi ikaingia. Baridi ya kawaida ya Julai, na harufu ya mvua.

Kavinya aliangukia mto bila kishindo. Matheka alipomwinua, mikono yake ilipanda juu kuliko alivyokusudia, kwa kuwa hakukuwa na uzito. Ngozi ilikuwa imeshikana na mfupa, rangi ya karatasi ya kaki, na nywele zikabaki kwenye mto. Mzee Kahin alimfunika uso, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kumtazama mtu.

Kule mochari, mhudumu alifunua shuka, akalirudisha, akawatazama mmoja mmoja.

"Huyu mlikuwa mmemweka wapi mwaka mzima?"



Walimzika kwao Mwala. Waliporudi Kaloleni, hata matanga hayajasahaulika, Nzisa alimkuta mama yake amepiga magoti chumbani mbele ya sanduku, akikunja magauni.

"Wakala amesema viza bado ipo," Kalekye akasema bila kugeuka. "Amesema atakutafutia nyumba nyingine. Watu wazuri."

"Mwaitu, umesikia mwenyewe kilichosemwa."

"Nilisikia shetani. Nikiamini yale, basi ni mimi niliyemuua. Unataka niamini hivyo?"

Nzisa akatoka chumbani. Alimpita baba yake kwenye kiti cha mlangoni, na baba akasogeza miguu ili apite. Akaenda mtaa wa Huruma kwa rafiki yake Wangu, waliyesoma naye, ambaye alikuwa na chumba kwenye ghorofa na kibanda cha mboga chini yake. "Kaa tu, bana," Wangu alimwambia. "Tutabanana."

Mwaka ukapita. Asubuhi moja Nzisa alikuwa akikata sukuma wiki kibandani alipoona wanawake wawili wakishuka barabara kutoka kumzuru mgonjwa. Mmoja alikuwa Mama Lydiah. Wa pili alikuwa mama yake, amekonda, amefunga kitambaa kipya kichwani.

Mama Lydiah akasimama ghafla, uso ukachanua. "Kalekye! Si huyu ni Nzisa? Kwani hayuko Uarabuni? Si juzi tu ulitushukuru kanisani kwa kumwombea huko?"

Kisu kilisimama mkononi mwa Nzisa. "Mwaitu," akasema. "Ni mimi."

Kalekye alimtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka usoni, kwa makini, jinsi mtu anavyokagua kitu sokoni ambacho hatakinunua. Kisha akamshika Mama Lydiah mkono.

"Twende," akasema. "Huyu si yeye."