Mkia wa Mkanda

Jora la kijivu lilikuwa limebaki moja tu dukani, na watu wawili walikuwa wamelishika, kila mmoja kwa upande wake.

"Dada, samahani, hili nimeliwahi," alisema mwanamume.

"Umeliwahi wapi, kaka? Mimi nimelishusha rafuni kwa mikono yangu, wewe umelidakia hewani."

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, duka la vitambaa limefurika hadi mlangoni, na nyuma yao watu walishaanza kusonya. Mwanamke alikuwa fundi cherehani. Gauni lake la bluu lilimkaa kama alizaliwa nalo, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua, kawaida yake. Alikitaka kitambaa kile kwa sketi za shule. Alimpima mshindani wake toka juu hadi chini: mrefu, mwembamba, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, ila kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kifungo kile kilimkera. Kisha akasikia harufu.

"Mbona unanuka siki?"

"Ni kazi, dada. Natunza mikanda ya filamu za zamani. Mkanda ukianza kuoza unatoa harufu ya siki, na ikishaingia kwenye nguo haitoki hata ufue vipi."

"Na kitambaa je? Unaishonea mikanda nguo?"

Akacheka, akaona na haya kidogo. Akaeleza kwamba yeye na wenzake wana chama cha mashabiki wa filamu moja ya kale, inayosimulia mji wa siku zijazo ambako serikali imepiga marufuku nyuso. Kila mtu huvaa barakoa ya kijivu tangu utotoni, na anayeivua mbele ya watu huchukuliwa, asionekane tena. Kila mwaka mashabiki hukutana kuitazama, nao wamevaa barakoa zao.

"Inaitwa *Nyuso Marufuku*," alisema. "Huwezi kuijua. Ilitoka hata hatujazaliwa."

Fundi akaliachia jora.

Aliijua vizuri mno. Shangazi yake ndiye aliyezishona barakoa za filamu ile, na ndani ya mojawapo alikuwamo mama yake.

"Lichukue," alisema, sauti imepungua. "Lakini usimpelekee fundi mwingine. Nitashona mimi. Na hicho kifungo niletee nikibadilishe, kinaniumiza macho."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kifungo kilibadilishwa, barakoa zikashonwa, na barakoa zilipokwisha mwanamume akaanza kuleta suruali zisizo na tatizo lolote ili zitengenezwe. Shangazi, aliyekuwa akikata vitambaa kwenye meza ya nyuma, alizitazama zile suruali akakohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Simu nazo zikawa haziishi.

"Haloo, Bwana Siki."

"Fundi wangu. Umekula?"

"Sijala, nina kazi."

"Basi nakuja na chakula."

"Njoo, ila ukae karibu na dirisha, wateja wasidhani nauza achari."

Fundi alimpenda. Alipenda alivyoshika vitu kwa ncha za vidole, hata kikombe cha chai, kama kila kitu duniani kinaweza kukatika. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Muda si mrefu nyumba ikaungua na kila kilichokuwamo, na baba, ambaye tangu hapo hakutaka kuzungumza habari hizo, naye akamfuata mkewe. Haikubaki picha hata moja. Fundi alikuwa mtu mzima asiyejua sura ya mama yake. Utotoni alisimama mbele ya kioo akijaribu kukisia: pua hii ya nani, paji hili la nani. Shangazi akiulizwa alisema, "Alikuwa mzuri," na uzuri hauna macho wala mdomo.

Ila palikuwa na onyesho moja. Wanawake wa kiwandani wanasimama dirishani, barakoa usoni, na mmoja wao anasema maneno machache. Huyo ndiye mama. Wakubwa wa filamu waliona ni ndefu mno, wakaliondoa onyesho lile kabla haijatoka, na tangu hapo hakuna aliyejua lilipo. Shangazi alisimulia kisa chake mara nyingi, daima kwa maneno yaleyale.

"Mwongozaji akasema kata. Wifi yangu kusikia hivyo, akaivua barakoa palepale, joto lilikuwa limemshinda. Akaniona mimi pembeni nimejaza pini mdomoni, akaangua kicheko. Na mpigapicha wao alikuwa mzito wa mkono. Mashine ilikuwa bado inazunguka."

Fundi alikusudia kumwambia Bwana Siki siku barakoa zitakapokwisha. Lakini alipopeleka barakoa kwenye ukumbi wa chama aliwakuta mashabiki wakizungumza juu ya yule waliyemwita Mwanamke wa Dirishani, ambaye walimjua kwa kumsoma tu kwenye magazeti makuukuu.

"Akipatikana hata mtoto wake," alisema mmoja, "tutamkalisha mbele, tumpige picha hadi achoke."

"Mimi nitamuoa kabisa," alisema Bwana Siki, na wote wakacheka.

Ulikuwa utani, na Fundi alijua ni utani. Lakini ulimwingia. Kuanzia siku hiyo akaona kwamba akisema, hatajua tena kama anapendwa yeye au linapendwa dirisha. Akanyamaza.

Kisha siku moja simu ikaita mchana, cherehani ikiwa katikati ya mshono.

"Fundi, keti kwanza."

"Nimeketi. Wewe umeniona lini nashona nimesimama?"

"Nimelipata. Onyesho la dirishani! Lilikuwa kwenye jumba la sinema la zamani, siku hizi ni ghala la saruji. Kopo la mkanda lilikuwa chini ya mifuko. Umeanza kuoza, lakini nimewahi. Haloo? Fundi?"

"Nipo."

"Hufurahi?"

"Nafurahi. Nitaliona lini?"

"Jumapili, pamoja na wote. Nataka uone kazi iliyokwisha, mpenzi, siyo fujo za karakana."

Hapo angeweza kusema: nionyeshe leo, huyo ni mama yangu. Maneno yalifika hadi kwenye ulimi. Akasema tu, "Haya, Jumapili," na alijua anakosea huku simu ikiwa bado sikioni.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Mlangoni kila mwanachama alipewa bahasha ndogo ya kumbukumbu, na ya Fundi aliletewa na Bwana Siki mwenyewe, aliyevaa shati lile jeupe, vifungo vyote uzi mweupe.

"Hii nimekuchagulia mimi," alimnong'oneza. "Usiichanganye na ya mtu."

Akaitia mkobani bila kuifungua. Akavaa barakoa, akatafuta kiti.

Taa zilizimwa. Filamu ikaenda, mji wake wa kijivu na vipaza sauti vyake, mpaka likafika lile dirisha. Wanawake wamesimama wamebanana, wote sawa, wote hawana uso. Mmoja akasema, kwa sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo:

"Mkinikataza uso wangu, nitauona kwa mwanangu."

Fundi alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti ya mama yake. Alikuwa hajawahi kuisikia, wala hakujua kama ni nyembamba au nzito, na sasa alijua. Machozi yakalowesha kitambaa alichokishona mwenyewe. Akasubiri. Sasa mwongozaji atasema kata, sasa mkono utapanda.

Picha ikakatika, likaja onyesho jingine. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Filamu ilipokwisha Bwana Siki alimjia anang'aa kama bwana harusi.

"Umeonaje?"

"Baada ya hapo kuna nini? Baada ya yale maneno?"

"Hakuna kitu. Mwongozaji anasema kata, basi. Kinachobaki tunakiita mkia, watu wanahangaika tu, hakimsaidii mtazamaji. Onyesho lenyewe nimelinakili, na mkia nimeukatakata vipande nikawagawia wanachama. Ndivyo vilivyomo kwenye bahasha. Wamefurahi hao!"

Pembeni yake mzee mmoja alikuwa ameinua kipande kidogo cha mkanda kuelekea taa, amefumba jicho moja, anatabasamu.

"Umemkatakata," alisema Fundi.

"Nani?"

"Umemkata vipande ukamgawa kama peremende!" Aliichomoa bahasha mkobani, akamtupia kifuani. "Na hiki chukua. Mmalizie na hiki."

Akatoka na barakoa yake usoni, na barabarani watu walimpisha.

Simu iliita Jumatatu, ikaita Jumanne, ikaachwa iite. Fundi alishona pindo mbili zikapinda, akazifumua, akazipinda tena. Siku iliyofuata ilipoita, Shangazi aliinyakua mezani, akabonyeza spika makusudi, akaendelea kushika mkasi kwa mkono mwingine.

"Fundi, tafadhali, usikate..."

"Siyo Fundi. Ni shangazi yake."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemgawa wifi yangu?"

"Sielewi, Shangazi. Tangu Jumapili nafikiri na sielewi."

"Yule mwanamke wa dirishani kwenu ni sinema. Kwa huyu mtoto ni mama aliyemzaa. Picha zake zote ziliungua. Sura yake ilikuwa imebaki kwenye huo mkia wako, na kichwani mwangu mimi, na mimi sijui kuchora."

Cherehani ya Fundi ilikuwa imesimama.

"Kwa nini hakuniambia?" sauti ikauliza, imepasuka.

"Muulize mwenyewe. Lakini usije mikono mitupu."

Simu ikakatika. Fundi alimwangalia shangazi yake kwa hasira, kisha hasira ikamwishia, kwa sababu swali la yule mtu lilikuwa la haki. Ni kweli hakumwambia. Alimnyima neno moja, halafu akamhukumu kwa kutolijua.

Zilipita siku kadhaa bila simu. Kimya hicho kilimuuma kuliko zile simu. Kila mlango ulipogongwa alinyanyua kichwa, akakuta ni sketi za shule.

Alikuja alasiri moja, kope zimevimba kwa kukosa usingizi, ameshika kopo la biskuti kwa mikono miwili. Harufu ya siki ilimtangulia. Hakuketi karibu na dirisha. Alisimama mbele ya meza kama mtu aliyeitwa shuleni kwa mwalimu mkuu.

"Nimezunguka kwa wote," alisema. "Mzee mmoja alishakifanya cha kuning'iniza kwenye funguo. Nilipomweleza alikata mnyororo palepale, akasema nikuombee radhi. Mwingine alishakituma kwa binti yake ng'ambo, hicho sijakipata, na sidhani kama kitarudi. Ni pale mkono unaposhika barakoa kuivua. Patakuwa na pengo hapo. Vingine nimevinakili vyote, picha kwa picha. Ukiuzungusha mkanda, atatembea."

"Siki..."

"Ngoja, nikiacha nitashindwa. Ule utani wa kuoa, Shangazi alinifuata karakana akaniambia ulikuumiza. Nilikuwa mjinga. Wakati nasema vile, mtu niliyekuwa namfikiria kuoa alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa barakoa. Nilikuona. Nilitaka usikie neno hilo la kuoa."

Shangazi akakohoa kikohozi chake.

Mwanamume akatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa bado imefungwa, imekunjika pembe moja ilipogonga kifua chake.

"Hii sikuifungua. Ni yako. Niliichagua kabla sijajua lolote, nakuapia. Nilikuwa nakata mkia, nikafika kwa dada mmoja anayecheka, nikasimamisha kazi. Nikasema, huyu anacheka kama Fundi wangu. Nikaona hiki nisimpe mtu mwingine."

Fundi aliifungua kwa mkasi mdogo wa nyuzi, taratibu. Kipande kilikuwa kifupi kuliko kidole, na kimeanza kujikunja. Akavuta taa ya cherehani karibu, akachukua kioo cha kukuzia alichotumia kutunga sindano nyembamba, akainama.

Kwanza aliona mwanga tu. Kisha dirisha, kisha bega, kisha uso.

Alikuwa msichana. Hilo ndilo lililomshangaza: mama yake alikuwa mdogo kuliko yeye. Jasho linang'aa kwenye paji, nywele zimelala upande mmoja kwa kubanwa na barakoa, mdomo uko wazi kwa kicheko, na jicho la kushoto limefumba zaidi ya la kulia. Fundi alilijua jicho lile. Lilimharibia kila picha aliyowahi kupigwa.

"Shangazi, njoo uone."

Shangazi aliweka mkasi chini, akaja akijifuta mikono kwenye gauni bila sababu. Aliinama juu ya kioo, akakaa hapo kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Ananicheka mimi, mshenzi huyu. Wifi yangu." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekiweka miaka yote hiyo.

Fundi alimkumbatia. Alipoinua kichwa, Bwana Siki alikuwa bado amesimama palepale, kopo mkononi, machozi yanamtiririka na yeye hayafuti, kwa sababu mikono ilikuwa imebeba mkanda.

"Nisamehe," alisema Fundi. "Ningekuambia, ungemwachia mkia wake."

"Nisamehe wewe."

"Utaurudisha kwenye filamu? Pamoja na pengo lake?"

"Wanachama watalalamika kwamba unaharibu mwisho wa onyesho."

"Walalamike."

"Utarudi mahali pake," alisema. Kisha Bwana Siki akaweka kopo mezani. "Na lile jambo jingine, la mtu aliyesimama mlangoni na mfuko... naweza kumuuliza leo, au siku mbaya?"

"Muulize," alisema Shangazi kutoka kwenye kiti, pua imeziba. "Suruali zenyewe zimekwisha."

Fundi alikitazama tena kile kipande chini ya taa, akamtazama mwanamume aliyeukuta uso ule gizani, bila kuambiwa na mtu, akaujua ni wa nani.

"Nakubali," alisema. "Lakini mimi shela sivai. Siku hiyo hakuna atakayenifunika uso."

Shangazi akasimama, akachukua mkasi wake, akauliza gauni liwe la rangi gani.