Kadi ya Félicité

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 11 Agosti 2012. Siku hiyo Juvénal alimzika mkewe, Félicité, hapa Durban.

Kama desturi yao, mwenyekiti wa chama cha mazishi, Achille, alikuja kuchukua karatasi za marehemu. Juvénal alikuwa analia. Akampa bahasha nzima. Ndani mlikuwa na kadi mbili za kupigia kura, ya mke na ya mume.

Zilikuwa kadi za uchaguzi mkuu wa kwanza wa Mbirizo, nchi yao ndogo iliyokuwa inangoja uhuru; waliohamia Durban wangepiga kura huku huku. Félicité alikuwa akisema, "Siku hiyo nitaenda hata nikiwa na homa."

Wiki tatu kabla ya kura, Juvénal alimfuata Achille kwenye duka lake la simu.

"Mwenyekiti, nirudishie kadi."

"Papa Juvénal, iko salama. Siku ikifika nitawapa wote."

"Wote? Unazo ngapi?"

Achille akacheka. "Eish, mzee! Umekuwa polisi?"

Juvénal alirudi kinyozini kwake amenuna. Yvette, msusi wa hapo, alikuwa kwenye kiti cha pili, anamsuka mteja nywele.

"Wakubwa ni wale wale," Juvénal akamwambia. "Sipigi kura. Waibe tu."

"Ukikaa nyumbani unawarahisishia kazi," Yvette akajibu. Yeye alikuwa amefundishwa ukarani wa uchaguzi. "Kadi ni ya mwenyewe. Mwenyekiti hana haki ya kuishika, hata mchungaji hana. Twende kwenye tume, useme umenyimwa. Beba na cheti cha kifo, jina la Mama Félicité lifutwe."

"Na kama karani ni mtu wake?"

"Ndiyo maana utadai karatasi yenye muhuri."

Walienda. Juvénal akapata kadi mpya, ile ya zamani ikafutwa. Akapewa pia karatasi ya muhuri inayosema jina la mkewe limefutwa. Majirani tisa waliposikia, nao wakaenda kudai kadi zao.

Siku ya kura, Juvénal aliingia peke yake nyuma ya pazia. Hakuna aliyemwona anachagua nani. Akatumbukiza karatasi yake, akatabasamu mara ya kwanza tangu mazishi.

Kisha karani akamwonyesha pa kuweka kidole kwenye orodha. Juvénal akaona mstari wa chini. Félicité. Jina halikufutwa. Pembeni yake palikuwa na alama ya dole gumba, wino haujakauka.

Akatoa ile karatasi ya muhuri, akaiweka mezani.

"Mke wangu iko kaburini tangu Agosti," alisema. "Dole hili ni la nani?"