Humu Ndani Hatuitani

Ilianza Jumanne, tarehe tisa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Najua kwa sababu niliandika kwenye daftari. Kaka yangu alikuwa ameacha kazi ya umeme kiwandani baada ya miaka kumi na mmoja ili ajitegemee, afanye kazi za majumbani, na ile ndiyo ilikuwa nyumba yake ya kwanza. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sijapata, nikawa msaidizi wake.

Nyumba ilikuwa kuukuu, ya vyumba sita, nyaya zake zimevishwa kitambaa kilichooza. Mwenye nyumba, mjane mwembamba anayetembea bila kusikika, alituzungusha chumba kwa chumba, kisha akatuomba jambo moja kwa sauti ya chini.

"Humu ndani hatuitani, wanangu. Ukimtaka mtu, mfuate alipo."

Kaka alicheka. Akamwambia kuwa fundi umeme aliye bubu huzikwa mapema, maana kazi yenyewe ni ya kuitana: yeye anang'oa fyuzi kwenye kisanduku cha ukumbini, mimi nasimama chumbani kutazama taa. Anauliza, "Imezima?" Nami najibu, "Imezima." Ndivyo walivyofanya kiwandani, na neno la mwenzako lilikuwa dhamana. Mjane hakubishana. Alikwenda kukaa uani, akafunga mlango nyuma yake.

Vyumba vinne tulivimaliza hivyo. Katika cha tano nilijibu mara moja, nikaisikia sauti yangu mara mbili. Niliandika: mwangwi. Halafu nikatazama kabati, godoro na mapazia mazito. Chumba kama kile hakina mwangwi.

Sikumwambia kaka. Angenitania kwamba chuo kimeniharibu kichwa.

Kabla ya chumba cha sita alinituma kwenye pikipiki yetu, nje ya geti, nilete utepe wa kufungia nyaya. Ilikuwa saa tano na dakika mbili. Utepe ulikuwa mkononi mwangu niliposikia kishindo.

Nilimkuta kaka ameanguka chini ya ngazi yetu ya kazi, katika chumba cha sita. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Testa ya kupimia umeme ilikuwa bado kwenye mfuko wa shati. Huyu ndiye mtu ambaye kiwandani walimwita Fundi Polepole, kwa kuwa waya mmoja aliupima mara tatu.

"Nilikuuliza," alinong'ona. "Ukasema imezima."

"Nilikuwa getini, kaka."

"Ulisema mara mbili."

Jinsi alivyonitazama, sijawahi kutazamwa hivyo na mtu wa damu yangu. Kabla hatujaondoka niling'oa fyuzi zote, nikazitia mkobani. Nilizihesabu. Sita.

Hospitali walimlaza. Daktari alisema mapigo ya moyo yanaruka, na kwamba tukifika asubuhi salama tutashukuru.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifuata vifaa vyake. Mjane alifungua mlango kabla sijagonga, kidole mdomoni. Nilichungulia juu ya bega lake. Taa ya chumba cha sita ilikuwa inawaka.

Nilipapasa mkoba. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Kutoka chumbani nilisikia sauti ya kaka, ile ya kazini, haina haraka.

"Imezima?"

Ikajibu sauti yangu. "Bado."

Mjane alinisogelea sikioni. Pumzi yake ilikuwa baridi. "Akiitwa," alinong'ona, "asiitike."

Vifaa niliviacha palepale.

Nilifika wodini saa moja na dakika kumi. Kaka alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Nilitaka kumwita kutoka mlangoni, kama nilivyomwita maisha yangu yote. Nikalimeza jina lake. Nikavua viatu. Nikamfuata kitandani, hatua kwa hatua, bila neno.

Hakugeuka. Alikuwa anautabasamia ukuta.

"Mdogo wangu," aliuambia, "tangu alfajiri unaniita tu. Haya. Naa—"

Nilimziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikabaki hivyo, nikisikiliza.