Mstari wa Tangi la Dobi

Nyumba ya dobi ilikuwa kimya mno. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, na pasi haijibu mtu akizungumza nayo. Dobi alishajaribu.

Maji ya bomba yalitoka Jumapili tu, siku ileile ya kuona wagonjwa. Zamani mke ndiye aliyelinda tangi. Aliligonga kwa vidole, akasikia maji yamefika wapi, akafunga bomba. Sasa dobi alichora mstari wa kujaa kwa tangi ukutani, kwa chaki, akaenda hospitali. Alirudi akakuta maji yamefurika hadi kwa jirani wa chini, mwalimu wa hesabu.

Mwalimu alipanda ngazi, tambara mkononi.

"Jirani, leo nimeoga bila kupenda."

"Nisamehe, dada. Nimekoma. Jumapili ijayo nakaa na tangi."

"Na mgonjwa je?"

Dobi akainamisha kichwa. "Atanisubiri."

Mwalimu akautazama ukuta. "Mstari wako umeanzia sifuri. Kwani tangi lilikuwa tupu?"

"Hapana. Huwa nabakiza sentimita arobaini. Maji ya chini yana tope, yanachafua nguo."

"Basi anzia hapo. Saa ziko chini, kimo kiko wima. Kwenye saa sifuri, weka nukta kwenye arobaini. Kwa saa moja maji hupanda kiasi gani?"

"Sentimita ishirini."

"Huo ndio mteremko."

"Mteremko, na maji yanapanda?"

"Waliotoa jina hawakuniuliza. Toka kwenye nukta, nenda saa moja kulia, panda ishirini, weka nukta nyingine. Ziunganishe, endelea mbele. Kwa kifupi: y = 20x + 40. y ni kimo cha maji, x ni saa."

Dobi akachora. Tangi lina kimo cha sentimita 120. Mstari mpya ulifika hapo kwenye saa ya nne. Ule wa kwanza ulisema sita.

Jumapili alifungulia maji, akaenda. Mkewe alimshika mkono, lakini akaanza kuhangaika.

"Mume wangu, nenda ukafunge bomba."

"Bado. Safari hii nimeanzia arobaini."

Mke hakuelewa, ila alicheka, na dobi akakaa naye mpaka wakati wa kuondoka ulipofika.

Alifunga bomba maji yakiwa ukingoni. Chini kwa mwalimu kulikuwa kukavu. Akaligonga tangi kwa vidole, likatoa sauti nzito. Hakukuwa na wa kumwambia. Akachukua chaki, akaandika kando ya mstari: "Limejaa. Ukirudi, uligonge mwenyewe."