Sita Ambayo Haikuwepo

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, Tegan Brannock alikaa mbele ya kompyuta ya ofisini na kuwasomea watu wa ranchi ya Wirrabel habari za maji. Ranchi ilikuwa na visima kumi na moja vya pampu, vingine vikiwa umbali wa kilomita sitini kutoka nyumbani, na kila kisima kilikuwa na tangi lake. Kaka yake, Darcy, alikuwa ametumia msimu mzima wa baridi kufunga kipimo kwenye kila tangi. Vipimo vilituma taarifa nyumbani, nazo zilijitokeza kwenye dirisha jeusi la kompyuta, lile lisilo na picha wala vitufe, maandishi matupu. Kila kisima kilikuwa na mstari wake: jina, saa, joto, betri, mwendo wa pampu, na mwisho kabisa tarakimu mbili za kiasi cha maji. Sabini na moja maana yake tangi lina maji asilimia sabini na moja. Sifuri mbili, yaani asilimia mbili tu, maana yake ng'ombe wanakufa.

Tegan alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliipenda. Alichokichukia ni lile dirisha. Darcy aliweka herufi ndogo kama sisimizi, na Tegan alipozikuza kidogo tu ili azione, mstari ulikosa nafasi kwa tarakimu moja. Kwa hiyo kompyuta iliukunja. Tarakimu ya kwanza ilibaki juu, ya pili ikashuka chini peke yake, ikining'inia pale pembeni. Visima kumi na moja, tarakimu kumi na moja zinazoning'inia! Alisoma kwa kurukaruka, akachanganya mistari, na wachungaji wakalalamika kwenye redio ya upepo.

"Tegan, mama, unatusomea maji au unahesabu nyota?" Anko Ambrose alimwuliza Jumapili moja. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka visimani kutengeneza pampu. "Chai yangu imeshapoa huku."

Darcy, aliyekuwa akivaa buti mlangoni, alicheka. "Mwacheni, jamani. Mtoto bado anajifunza kusoma."

Tegan aliwaka. Kama kuna kitu kilichomchoma moyo ni kuitwa mtoto na Darcy, tena mbele ya redio, ranchi nzima ikisikia. Angeweza kumwomba kaka yake amrekebishie mistari, lakini baada ya kicheko kile? Thubutu! Mchana huohuo alitafuta kwenye mtandao, akakuta amri fupi ya kuzuia mistari isikunjwe. Akaiandika, akabonyeza. Mistari ikanyooka yote kumi na moja, safi, kila mmoja mahali pake.

Jumatatu asubuhi ndipo alipoona kasoro. Mwishoni mwa kila mstari palikuwa na tarakimu moja badala ya mbili. Kompyuta haikukunja tena, lakini nafasi haikuongezeka, kwa hiyo tarakimu ya pili ilikaa juu ya ile ya kwanza na kuifuta. Kisima cha Dingo kilionyesha nane. Nane ya nini? Jana kilikuwa na sabini na moja.

"Tunasubiri, Tegan," redio ilikoroma.

Angesema tu kwamba haoni. Lakini Darcy alikuwa nyuma yake akitafuna mkate, na Tegan alikuwa bado na hasira naye. Kama jana ilikuwa sabini na moja, alifikiri, leo itakuwa sitini na nane. Si ndiyo?

"Dingo, sitini na nane," alisoma kwa sauti ya kujiamini.

"Nimesikia. Sitini na nane," Anko Ambrose alijibu.

Jumanne kilionyesha tano, akasema sitini na tano. Jumatano kilionyesha mbili, akasema sitini na mbili. Sasa alisoma haraka, na hakuna aliyelalamika. Hata Darcy alimwambia, "Umeiva, bwana." Alijua sifa hiyo si yake, lakini aliimeza hivyohivyo.

Jumatano hiyo, saa nane mchana, redio ililipuka. Anko Ambrose hakuwa na mzaha hata kidogo.

"Bosi! Bosi, niko Dingo! Boya la kufungia maji kwenye birika la ng'ombe limepasuka, maji yote yamemwagika mchangani, tangi kavu! Ng'ombe mia mbili na arobaini wamejazana hapa wanalia. Wanne wamelala na hawaamki. Ndama wawili pia. Asubuhi si mlisema sitini na mbili? Sitini na mbili gani hii?"

Baba alitoka ofisini bila kofia. Ilikuwa Novemba, na joto la nje lilipita nyuzi arobaini. Alituma gari la maji, akawaita wachungaji wote, kisha akarudi na kusimama mbele ya Darcy.

"Nilikwambia nini?" aliuliza. "Nilikwambia siku vidude vyako vitakaponidanganya mara moja tu, naving'oa vyote!"

"Baba, vipimo vinafanya kazi, nime—"

"Vinafanya kazi? Ng'ombe wangu wamekufa kwa kiu, wewe unaniambia vinafanya kazi! Miaka ishirini tulizunguka visimani kwa gari na hatukupoteza ndama hata mmoja kwa kiu. Chuo sahau. Februari utakuwa hapahapa, unazunguka visimani na Ambrose, kama tulivyofanya sisi."

Darcy alikuwa na miaka kumi na tisa, na nafasi yake ya chuo cha ufundi ilikuwa imeshathibitishwa. Baba alikubali aende kwa sharti moja, kwamba vipimo vifanye kazi mpaka mvua zinyeshe.

Baba akamgeukia Tegan. "Mashine ilisema sitini na mbili?"

Tegan alitazama miguu yake. "Ndiyo," alisema.

"Haya! Umesikia mwenyewe." Baba akachukua sanduku la zana, akatoka na kulitupa kwenye pikapu kwa kishindo.

"Nipe dakika kumi!" Darcy alipiga kelele. "Dakika kumi tu, kisha ng'oa hata nyumba ukitaka!"

Aliketi kwenye kompyuta, akagonga kibodi kana kwamba imemtukana. Kwanza alifungua faili ambamo kompyuta hutunza taarifa zote, akaitafuta ya asubuhi ile. Kisima cha Dingo: sifuri mbili. Jumanne: ishirini na tano. Jumatatu: arobaini na nane.

"Kipimo hakikudanganya!" alisema. "Kilipiga kelele siku tatu nzima! Njoo uone, Baba."

Kisha akaufungua ule mstari kwenye dirisha jeusi. Mwishoni palionekana mbili peke yake. Akakunja uso. Akapunguza herufi, akaita taarifa upya: sifuri mbili, kamili. Akazikuza, akaita tena: mbili. Akahesabu kwa kidole. Mstari ulihitaji nafasi themanini, dirisha lilikuwa na sabini na tisa.

"Ilipaswa kuukunja mstari," alinong'ona. "Mbona inaukata? Kuna mtu kazima kukunja." Akaandika amri ya kuwasha, akaita tena. Tarakimu ya mwisho ikashuka chini peke yake, ikaning'inia kama zamani.

Baba alikuwa ameinama nyuma yake. Hasira haikumtoka. "Iwe kipimo, iwe kioo cha kompyuta, kwangu yote ni yaleyale. Mashine ilionyesha uongo. Nakwenda kuving'oa."

"Lakini hata kioo..." Darcy alisita. Alitazama ile mbili, kisha akamtazama dada yake taratibu.

Baba alikuwa ameshafika mlangoni. Tegan alisikia funguo za pikapu zikilia mkononi mwake. Alijichukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Baba, ngoja! Sita haikuwepo!"

Baba akageuka. "Nini?"

"Kwenye kioo hakukuwa na sita. Kulikuwa na mbili tu. Sita niliiweka mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakunyamaza. "Na kukunja nilizima mimi, Jumapili. Nilikuwa sioni tarakimu ya kwanza, nikawa nakisia. Siku zote tatu. Visima vyote."

Redio ilikohoa ukutani.

Darcy ndiye aliyelipuka kwanza. "Siku tatu! Mimi niko hapahapa mlangoni, ungeniita! Neno moja tu! Ungeniacha nipoteze chuo?"

"Ungenicheka!" Tegan alimjibu kwa ukali. "Kila siku unanicheka!"

"Basi ningekucheka! Ng'ombe wangekuwa hai!"

"Kimya, wote wawili," Baba alisema. Aliziweka chini zile funguo, akaketi kwenye ukingo wa meza. "Kuzima kitu usichokijua ni kosa, Tegan, lakini hilo lingenyooshwa kwa dakika moja. Kioo kilikuficha tarakimu. Wewe ukatuficha sisi kwamba huioni. Ambrose aliamini sauti yako, akaenda upande mwingine siku tatu. Angesikia 'sioni', angekuwa Dingo Jumatatu kabla ya saa nne." Akasimama. "Vipimo vitabaki. Darcy, samahani, mwanangu. Nawe, vaa kofia. Unakuja Dingo."

Tegan hakuisahau siku ile. Alishika mpira wa maji kwenye birika mpaka mikono ikafa ganzi, huku Anko Ambrose na wachungaji wakiwazuia ng'ombe wasikanyagane. Alisaidia kuwanywesha ndama kwa ndoo. Wale waliokufa alipita karibu yao, na hakuna aliyemwambia afumbe macho. Jua lilipokuwa likizama, Anko Ambrose aliwazika wale ndama wawili.

Kesho yake Darcy aliupanga mstari upya. Kiasi cha maji kilihamia mwanzoni, mara baada ya jina la kisima, ili hata dirisha likifinywa vipi, tarakimu hizo zisikatwe. Herufi aliziacha kubwa. "Ungesema tu kwamba macho yanakuuma," alinung'unika. Bado alikuwa amemkasirikia, na Tegan hakumlaumu.

Wiki iliyofuata, asubuhi ya Ijumaa, Tegan alisoma visima sita vizuri. Alipofika cha saba, cha Mifupa, pale penye tarakimu palikuwa patupu. Jana kilikuwa na themanini na tatu. Kilikuwa kilomita sitini, barabara ya mawe matupu. Darcy alikuwa mlangoni akivaa buti.

Tegan akabonyeza redio. "Mifupa, sioni."

"Unasemaje?"

"Sioni, Anko. Pale ni patupu. Sijui kina maji kiasi gani."

"Nimesikia," Anko Ambrose akasema, na injini ya gari lake ikasikika ikiwaka.

Alirudi saa saba mchana, vumbi mpaka kwenye kope, akaingia ofisini bila kuvua kofia.

"Kilomita mia na ishirini kwenda na kurudi!" alifoka. "Gurudumu moja limepasuka! Na tangi limejaa pomoni. Betri ya kipimo imekufa, basi, hakuna kingine!"

Tegan alinyong'onyea kwenye kiti. "Samahani, Anko."

"Samahani ya nini?" Mzee alimkazia macho, bado ana hasira na barabara, na gurudumu, na joto. "Nisikilize vizuri, mtoto. Kwenda bure mara mia moja naweza. Kuwazika wale ndama tena siwezi. Kesho usipoona, uniambie tena hivyohivyo."

Akachukua betri mpya rafuni, akatoka akiubamiza mlango.