Saruji Ilipogoma Kushuka

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la matairi kilinuka mpira. Shemeji alichora sakafuni kwa chaki: silo la saruji, tangi refu kama mnara, na chini yake lori.

"Leo hakuna mjenzi kazini. Mlinzi kaenda kulewa, nimehakikisha. Tunaegesha chini ya mdomo, tunafungua, tunajaza, tunayeyuka."

"Ikigoma kushuka?" Dereva akauliza.

Shemeji akaelekeza kidevu kwa Mzibuaji. "Huyu tumemleta awe pambo?"

Dereva akacheka. Mzibuaji alisoma midomo yao. Miaka ya kugonga masilo kwa nyundo ilikuwa imemla masikio. Tangu dada yake afariki, hakuna aliyebisha hodi kwake ila Shemeji, mume wa marehemu. Akaitwa kwenye wizi, akaenda. Angeitwa kuchimba choo, angeenda vilevile.

Saa nane mchana.

Mlango wa chini ulifunguliwa. Saruji ikamwagika kidogo, ikakata. Mzibuaji akagonga ubavu wa silo, akabandika kiganja kwenye bati. Chini patupu, juu pamejaa. Unyevu ulikuwa umeingia. Saruji imeshikana, imening'inia kama daraja.

"Lazima niichokoe kutoka juu. Funga huo mlango. Daraja likikatika mlango uko wazi, nazama nalo."

Shemeji akaufunga, akampiga begani. "Roho yako ni yangu, shemeji."

Akapanda ngazi. Mti wa kuchokolea haukufika. Akajifunga kamba kiunoni, akaifunga na chuma cha juu, akashuka ndani. Giza, vumbi, joto. Akachoma mara ya kwanza. Mara ya pili.

Sakafu ikaondoka.

Saruji ilimvuta miguu, ikamfika kifuani. Kamba ikakaza, ikambana mbavu. Saruji haikupaswa kwenda popote mlango ukiwa umefungwa. Ilikuwa inakwenda.

"Shemeji! Funga!"

Bati likatetemeka mgongoni mwake. Injini ya lori. Kisha mtetemo ukapungua, ukaisha. Saruji iliendelea kumvuta, polepole, ikimwagika juu ya ardhi tupu.

Halafu ikasimama.

Kichwa kikachomoza juu, macho mekundu, pumzi inanuka pombe. Mlinzi. Alivuta kamba hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akapumzika, akavuta tena. Ilichukua muda mrefu kumlaza juu ya bati, mweupe kama maiti.

"Mlango wa chini nimeukuta wazi, nikaufunga," Mlinzi akasema usoni kwake. "Aliyeufungua alijua uko humu?"

Mzibuaji akatema saruji.

"Mlikuwa wangapi?"

Huko chini, alama za matairi ya lori zilikwenda hadi getini.

"Peke yangu."

Mlinzi akazitazama zile alama. Akatoa simu, akaita polisi, kisha akageukia ngazi ashuke kuwasubiri getini.

Mzibuaji akamshika suruali.

"Wasubiri hapahapa," akasema. "Kaa na mimi kidogo."